Diskavari si "ugunduzi"

Katika kesi za jinai za mahakama za shirikisho Marekani, diskavari (kwa Kiingereza discovery) ni utaratibu wa pande mbili kuonyeshana ushahidi kabla kesi haijasikilizwa. Tafsiri yake ya moja kwa moja, "ugunduzi wa ushahidi", inapotosha, na anayeumia ni mshtakiwa anayemtegemea mkalimani.

Kugundua ni kukuta kitu ambacho hakikujulikana. Hapa hakuna aliyegundua chochote: mwendesha mashtaka analo faili, ila limefunikwa. Neno lenyewe lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa cha kale, na maana yake ya mwanzo ni kuondoa kifuniko. Kiswahili tunacho kitenzi hicho hicho: funika, funua, kama ziba na zibua, fukia na fukua. Mshtakiwa aliye mahabusu akiambiwa "wakili anasubiri ugunduzi", huelewa kwamba upelelezi haujakamilika na serikali haina kitu mkononi. Kwa imani hiyo anaweza kukataa makubaliano ya kukiri kosa, kumbe rekodi za simu zake zimekwisha kuchapwa.

Kosa jingine ni kuita kila karatasi "Brady", jina la aina moja tu ya ushahidi. Vifuniko ni vitatu, yaani Kanuni ya 16, Brady na Jencks, na kila kimoja kina wakati wake. Kanuni ya 16 ya mwenendo wa kesi za jinai za shirikisho hufunua maneno ya mshtakiwa kwa wapelelezi, rekodi yake ya makosa, nyaraka, vipimo na maoni ya wataalamu, lakini wakili aombe. Ndiyo maana barua ya maombi huandikwa mapema na kutiwa tarehe. Ina bei yake: akiomba nyaraka akapewa, serikali nayo yaweza kudai zile ambazo utetezi utazitumia. Tangu Desemba 2019, Kanuni ya 16.1 inazitaka pande zote mbili zikutane kupanga ratiba ndani ya siku 14 baada ya mshtakiwa kusomewa mashtaka.

Brady, kutokana na hukumu ya jina hilo ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1963, ni ushahidi unaomfaa mshtakiwa, iwe kwenye hatia au adhabu. Huu hausubiri kuombwa, na hukumu ya Kyles ya mahakama hiyo hiyo, ya 1995, ilisema unajumuisha hata wanaoujua polisi peke yao. Jencks, kutokana na sheria ya jina hilo, ni maelezo ya awali ya shahidi wa serikali, na kisheria hayadaiwi mpaka shahidi huyo amalize kuhojiwa na upande uliomwita. Waendesha mashtaka wengi huyatoa siku kadhaa kabla, maana vinginevyo hakimu anaweza kusimamisha kesi ili utetezi uyasome.

Faili likifika, tazama kwanza namba za kurasa. Zikiruka kutoka 000412 hadi 000431, andika siku hiyo hiyo kuulizia kurasa 18 za katikati.

Nawe mkalimani, wakili akisema diskavari haijakamilika, mwambie mshtakiwa: "Serikali bado haijatuonyesha ushahidi wote ilio nao."