Triathloni ndefu ya kwanza: maswali ya afya na majibu yake

Triathloni ndefu ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote kwa siku moja. Ilifanyika mara ya kwanza kisiwani Oahu, Hawaii, Februari 1978. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12. Siku hizi watu wenye kazi na familia hujiandikisha kwa wingi, na mashindano mengi huwapa saa 17 za kumaliza.

Majibu haya yana shabaha moja: umalize ukiwa mzima. Kasi waachie wengine. Wengi wanaoishia njiani hushindwa na tumbo, maji au joto, huku mapafu na moyo wao vikiwa bado na uwezo wa kuendelea. Hayo matatu yote unaweza kujiandaa nayo.

Mimi si mwanariadha. Naweza kweli?

Unaweza, kama una afya na unajipa muda. Ikiwa tayari unakimbia, unaendesha baiskeli na unaogelea bila hofu, tenga miezi sita hadi mwaka. Ikiwa kuogelea bado unajifunza, usijiandikishe kwanza. Jifunze, kisha shiriki mashindano mafupi kabla ya haya.

Wiki nzito za maandalizi hufika saa 10 hadi 15 za mazoezi. Hapo ndipo wengi huumia, kwa sababu wanaongeza mazoezi bila kuongeza usingizi wala chakula. Huna haja ya kukimbia kilomita 42 mazoezini. Mkimbio wa saa mbili na nusu, au tatu kwa wingi, unatosha. Zaidi ya hapo uchovu unakula mazoezi ya wiki inayofuata. Wiki mbili au tatu za mwisho, punguza. Utajiona mzito na utatamani kujijaribu, lakini mazoezi makali ya siku hizo hayakuongezei nguvu yoyote.

Nimwone daktari kabla ya kuanza?

Ndiyo, na hasa kama umevuka miaka 40, una presha, kisukari au pumu, unavuta sigara, au kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Mweleze wazi kama umewahi kubanwa kifua, kuzirai au moyo kwenda mbio bila mpangilio ukiwa mazoezini. Kuzirai katikati ya mazoezi si uchovu wa kupuuzwa. Kunahitaji moyo upimwe kabla hujarudi barabarani. Kama unatumia dawa za presha, uliza zitafanyaje kazi siku ya joto na jasho jingi, kwa maana baadhi yake huongeza mkojo.

Kwa nini kuogelea kunaogopwa kuliko sehemu nyingine, wakati ndiko kufupi zaidi?

Hofu hiyo ina msingi. Uchunguzi mmoja wa triathloni za Marekani kuanzia 1985 hadi 2016 ulikusanya matukio 135 ya vifo na ya moyo kusimama ghafla. Matukio 90 yalitokea wakati wa kuogelea. Wengi waliopatwa walikuwa wanaume, na hatari iliongezeka kadiri umri ulivyopanda. Ukilinganisha na idadi ya washiriki, matukio haya ni machache sana, lakini yanaonyesha mahali pa kuweka tahadhari.

Fikiria kinachoupata mwili dakika ile. Moyo tayari unadunda kwa wasiwasi. Unaingia kwenye maji ya baridi, pumzi inakukatika, unavuta hewa kwa pupa. Watu wanakupiga viwiko, vazi la mpira limekubana kifua, na chini huoni sakafu. Anayeongeza kasi wakati huo anauongezea moyo mzigo ambao haukuwa tayari kuubeba.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza lowesha uso na shingo, na kama inaruhusiwa ogelea taratibu dakika chache hadi pumzi itulie. Simama pembeni au nyuma ya kundi. Vazi la mpira livae mara kadhaa mazoezini. Likikubana shingoni, tafuta jingine. Pumzi ikigoma, geuka chali, uelee, inua mkono. Kanuni za mashindano mengi zinakuruhusu kushika mtumbwi au ubao wa waokoaji ukapumzika, mradi usiutumie kusonga mbele. Huondolewi kwa hilo, wala si aibu.

Kuna tatizo moja ambalo wengi hawajawahi kulisikia: maji ya mwilini kuvujia kwenye mapafu wakati wa kuogelea. Linaweza kumpata hata mtu mwenye afya nzuri, na presha pamoja na maji ya baridi huliongezea nafasi. Dalili zake ni kikohozi kisichokwisha, kifua kukoroma, pumzi kuisha kuliko kasi yako inavyostahili, na wakati mwingine makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ukiziona, toka majini mara moja. Usijiambie zitaisha ukifika kwenye baiskeli.

Nile nini siku ya mbio, na kwa kiasi gani?

Mwili huhifadhi sukari yake kwenye misuli na ini, kiasi cha gramu 500 hivi, ambayo ni kama kalori 2,000. Mbio hii inaweza kuchoma zaidi ya kalori 8,000. Mafuta ya mwilini yanasaidia sana, lakini hayawezi kubeba kazi yote peke yake. Ukianza kuona giza, miguu kukataa na hasira zisizo na sababu, mara nyingi ni sukari imeisha.

Lenga gramu 60 za wanga kwa saa. Waliozoesha matumbo yao hufika 90, kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, sukari mbili zinazopita kwenye utumbo kwa njia tofauti. Hesabu yake ni rahisi: nusu lita ya kinywaji chenye gramu 6 za sukari kwa kila mililita 100 inakupa gramu 30, na pakiti moja ya jeli, yaani uji mzito wa sukari wa wanamichezo, mara nyingi hukupa 20 hadi 30. Hiyo ndiyo saa yako moja. Kula sehemu kubwa ukiwa kwenye baiskeli, kidogo kidogo kila dakika 15 au 20, kwa sababu ukianza kukimbia tumbo linatikisika na damu nyingi imekwenda miguuni.

Tumbo nalo linafunzwa. Wiki nane au kumi kabla, anza kula kwenye mazoezi marefu vilevile utakavyokula siku yenyewe. Siku ya mbio usionje kitu kipya, hata kama kinagawiwa bure njiani. Kichefuchefu kikianza, punguza kasi kwanza, kunywa maji matupu kidogo, acha vitu vitamu kwa dakika kumi au zaidi, kisha rudi polepole. Kulazimisha jeli nyingine wakati huo huishia kutapika.

Ninywe maji kiasi gani? Nimeambiwa ninywe kabla sijasikia kiu.

Naomba jibu hili ulisome taratibu, kwa sababu ushauri huo umewaumiza watu. Kukosa maji kunachosha na kupunguza kasi. Kunywa kupita kiasi kunaweza kuua.

Ukinywa kuliko unavyotoa jasho na mkojo, chumvi ya damu, yaani sodiamu, inazimuliwa. Ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, maji huanza kuingia ndani ya seli, na ubongo, uliofungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Katika marathoni ya Boston ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu chini ya kiwango. Dalili iliyojitokeza waziwazi ilikuwa kuongezeka uzito njiani, na waliochukua muda mrefu walikuwa hatarini zaidi. Mshiriki wa mara ya kwanza wa triathloni ndefu yuko barabarani muda mrefu kuliko hao, na kwa mwendo wa polepole, hivyo ana nafasi nyingi za kunywa.

Tazama mkono wako. Pete iliyokuwa ikizunguka kwa urahisi asubuhi sasa haitoki. Mkanda wa saa umeacha alama iliyozama kwenye ngozi. Vidole vimejaa, tumbo linabubujika, kichwa kinauma, kichefuchefu kimekuja. Ukiona hivyo, acha kunywa maji na uende kwenye hema la matibabu. Mtu akichanganyikiwa au kupata degedege, hiyo ni dharura, na matibabu yake ni dripu ya chumvi nzito kutoka kwa wahudumu. Kumnywesha maji kunamzidishia.

Njia salama ni kunywa unaposikia kiu, ukijua pia unatoa jasho kiasi gani. Jipime mazoezini: ukianza na kilo 70.0, ukaenda saa moja ukinywa nusu lita bila kukojoa, na mwisho ukapima 69.2, umepoteza lita 1.3 za jasho. Kipimo hicho ni mpaka wa juu wa kutovukwa, wala si deni la kulipwa lote. Kumaliza ukiwa umepungua kilo moja au mbili ni kawaida. Vidonge vya chumvi vina nafasi yake kwa wanaotoa jasho la chumvi nyingi, lakini havimkingi anayekunywa kupita kiasi.

Naweza kumeza dawa ya maumivu ili nimalize?

Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake, hapana. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati figo tayari zimeelemewa na joto, jasho na misuli inayovunjika. Pia huumiza tumbo, na huongeza hatari ya sodiamu kushuka. Maumivu makali kiasi cha kuhitaji dawa yanakuambia kitu, yasikilize.

Na joto?

Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto ili uzoee. Siku yenyewe punguza kasi tangu mwanzo, mwagia maji kichwani na shingoni, weka barafu ndani ya kofia.

Kiharusi cha joto ni joto la ndani kupita nyuzi 40 za Selsiasi pamoja na akili kuvurugika: mtu anayumba, anajibu visivyo, anakuwa mkali au anaanguka. Usisubiri ngozi ikauke. Kwa mwanamichezo inaweza kuwa imelowa jasho. Mpoze kwanza, kisha ndiyo asafirishwe. Kumzamisha kwenye maji ya barafu hadi shingoni, huku kuna anayemshikilia kichwa, ndiyo tiba bora, na dakika 30 za kwanza ndizo zinazookoa maisha.

Ganzi, michubuko na vidonda vya tandiko?

Paka mafuta mazito kwapani, mapajani na shingoni. Vidole vya mkono kufa ganzi huletwa na mshipa wa fahamu unaokandamizwa kwenye usukani. Badilisha mshiko mara kwa mara. Ganzi sehemu za siri haitakiwi kuvumiliwa: tandiko au mkao wako unahitaji kurekebishwa na anayeijua kazi hiyo.

Nimechoka kila siku na mazoezi hayaendi. Ni uvivu?

Mara nyingi ni chakula. Anayefanya mazoezi saa 12 kwa wiki na kula kama zamani anaunyima mwili nguvu za kuendesha homoni, mifupa na kinga. Kwa mwanamke, hedhi kukatika si dalili ya kuwa fiti. Ni onyo, na mifupa ndiyo inayolipa. Maumivu ya mfupa unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yanayozidi ukikimbia, huenda ni ufa. Acha kukimbia hadi upimwe. Omba pia damu ipimwe madini ya chuma.

Nijiondoe lini?

Kifua kikibana. Pumzi isipotulia hata ukisimama. Ukizirai au ukikaribia. Ukisahau uko wapi. Ukitapika kila unachomeza kwa muda mrefu. Tatizo la kuchanganyikiwa ni kwamba mwenyewe hujui, kwa hiyo mkabidhi mapema mtu wako wa karibu ruhusa ya kukusimamisha, na umtii.

Nimemaliza, kisha nikaanguka palepale. Kwa nini?

Ulipokuwa unakimbia, misuli ya miguu ilikuwa ikisukuma damu kurudi juu. Umesimama ghafla, damu imebaki chini, presha imeshuka. Ukiwa na akili timamu, lala chali miguu ikiinuliwa, na mara nyingi unapata nafuu ndani ya dakika chache. Dawa ya kuzuia ni kuendelea kutembea baada ya mstari. Aliyeanguka kabla ya mstari, au asiyejielewa, ni habari nyingine: apimwe joto, sukari na sodiamu haraka.

Saa 24 hadi 72 zinazofuata, angalia mkojo. Ukiwa na rangi ya kahawia iliyokolea kama chai ya rangi, au ukikosekana kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda misuli iliyovunjika inaziba figo.

Wiki ya kwanza tembea, ogelea polepole, lala sana. Kukimbia kwa nguvu kusubiri wiki tatu au nne, hata kama maumivu yameisha mapema. Watu wengi huingiwa na huzuni siku hizo, baada ya miezi ya kulenga siku moja. Kwa kawaida hupita. Ikidumu zaidi ya wiki mbili, au ikikunyima usingizi na hamu ya kula, mweleze daktari kama ambavyo ungemweleza goti linalouma.