Kitenzi "get" na maana zake zaidi ya kupata

Katika sekondari za serikali nchini Tanzania, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, wanafunzi wengi huingia kidato cha kwanza wakiwa wameshakariri kwamba "get" ni kupata. Hawajakosea, kwani hiyo ndiyo maana ya asili ya kitenzi hiki, ambacho Kiingereza kilikirithi katika Zama za Kati kutoka kwa wahamiaji wa Skandinavia, waliokitamka "geta". Shida huanza pale mwanafunzi anapokutana na "get angry" au "get home" na kutafuta kitu kilichopatikana, asikione.

Ufunguo umo katika neno linalofuata kitenzi hicho. Likifuata jina la kitu, kwa kawaida tumo katika kupata, kupokea, kununua au kuleta. Likifuata neno la mahali, maana huwa kufika: "we got to Dodoma at night" ni "tulifika Dodoma usiku".

Likifuata neno la sifa, "get" hueleza kuingia katika hali fulani. Kiswahili hubeba mabadiliko hayo ndani ya kitenzi chenyewe: kuchoka, kuzeeka, kulowa, kukasirika. Kwa kuwa hatuhitaji kitenzi kingine cha kutusaidia, wanafunzi wengi hutumia "was" kila mahali, na hapo maana hupotoka. "He was angry when I arrived" ina maana kwamba nilimkuta amekwisha kukasirika. "He got angry when I arrived" ina maana kwamba alikasirika baada ya mimi kufika, na huenda sababu ni mimi. Mbele ya polisi au hakimu, tofauti hiyo si ndogo.

Matumizi yanayowasumbua zaidi wazungumzaji wa Kiswahili ni yale ya kufanyiwa kazi na mtu mwingine. Sisi husema "nimeshona gauni" hata kama sindano ilishikwa na fundi, na msikilizaji haoni ajabu. Kwa Kiingereza, "I sewed a dress" humaanisha kwamba umeshona kwa mikono yako. Aliyepeleka kitambaa kwa fundi atasema "I got a dress made", jambo ambalo Kiswahili kinaweza kulieleza kwa neno moja, kushonesha. Anapotajwa mtendaji, "to" huongezwa: "I got my brother to fix the roof", yaani nilimwomba au nilimshawishi kaka yangu hadi akatengeneza paa. Ukitumia "make", "to" huondoka na maana huelekea kwenye kulazimisha: "I made him fix it".

Katika mazungumzo, "get" pia huunda kauli ya kutendwa, kama vile "get paid" kwa kulipwa na "get robbed" kwa kuibiwa. "I get it" ni nimeelewa, na anayeuliza "unanipata?" katika simu hatashangazwa na hilo. Misemo kama "get over", kupona au kusahau machungu, na "get away with", kufanya kosa bila kuadhibiwa, haina kanuni. Kila mmoja hujifunzwa peke yake.

Anayelalamika kwamba Kiingereza kinachosha na akumbuke kwamba "kupata" kwetu nako kuna maana nyingi: kisu kikali hukata, nasi tukasema kinapata. Jua nalo hupatwa, na mtu anaweza kuwa hajapata kuiona bahari.

Katika barua rasmi, "receive" na "obtain" hufaa zaidi. Tahadhari nyingine inahusu Wamarekani, ambao husema "I've gotten a car" wakimaanisha wamepata gari, lakini "I've got a car" wakimaanisha wanalo. Waingereza hutumia "got" kwa yote mawili, na ni mazingira ya mazungumzo yanayoonyesha ipi imekusudiwa.