Hapana, Mwanza haihitaji kituo kingine cha yatima

Jumamosi iliyopita alikuja ofisini mama mmoja mstaafu na pikapu iliyojaa magodoro. Mtu mwema, sina neno naye. Ana kiwanja Kisesa na anataka kujenga kituo. "Mwanangu," akaniambia, "nimewaona pale Makoroboi wamelala juu ya maboksi. Yatima wa watu wanateseka na sisi tupo." Ni wa nne kuja na kauli hiyo mwaka huu. Nilimkaribisha chai, nikameza nilichotaka kusema. Nakisema hapa.

"Watoto wa mitaani ni yatima, wajengewe kituo."

Niko kwenye ustawi wa jamii mwaka wa 11 sasa. Karibu kila mtoto ninayekutana naye usiku ana mama, au baba, au bibi mahali fulani: Sengerema, Magu, Ukerewe, Geita, wengine Igoma hapa hapa. Ila usimuulize siku ya kwanza. Siku ya kwanza atakwambia wazazi walikufa kwenye ajali, maana ameshajua jibu hilo ndilo linalotoa chapati. Wiki ya tatu, mkiwa mnacheza drafti kwa vizibo vya soda, atakutajia mwenyewe jina la mwenyekiti wa kitongoji chao.

Aliondoka kwa nini basi? Kipigo. Baba wa kambo. Unga uliokwisha. Shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini sare na madaftari hununuliwa, na mtoto aliyechoka kurudishwa nyumbani kwa ajili ya sare siku moja hupitiliza hadi stendi. Niambie, katika hayo godoro linatibu lipi?

Tena kituo huzaa yatima wake. Jenga jengo lenye milo mitatu na shule ya kulipia mahali ambapo watu wanakula mara moja, uone. Mwaka hautaisha kabla hujaletewa watoto na wajomba zao, wakiwa wameshafundishwa kusema hawana mtu. Siwalaumu, ningekuwa na njaa ile ningempeleka wangu. Lakini hapo umewatoa kwao watoto ambao hawajawahi kulala nje hata usiku mmoja, na wale wa Makoroboi bado wako Makoroboi. Mtoto aliyezoea kujitafutia hela mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, hafungiwi geti akakaa.

Hilo la mwaloni nalo watu hawalijui. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, kazi ya kubeba ndoo na kuanika pale Kirumba hupungua, na watoto hupanda mjini kuokota makopo. Kuna kikundi kilifanya hesabu yake usiku wa mbalamwezi, kikatangaza kwamba watoto wameongezeka maradufu, kikaanza kuchangisha saruji. Wangesubiri wiki mbili tu.

Kazi yenyewe ni hii: unafika kwao kabla ya mtoto. Unakaa na mama, na mtendaji, na mwalimu mkuu, mnaitafuta sababu. Ndipo unampeleka, halafu unarudi kumwona tena na tena, mwaka mzima au zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kumrudisha mvulana mmoja Sengerema harakaharaka, nikapiga picha ya kumbukumbu, na siku tatu baadaye nikamkuta Mlango Mmoja ananisalimia, "Shikamoo anko." Nikamrudisha tena vilevile, naye akarudi vilevile. Mara ya tatu ndipo nilipokaa kusikiliza, nikajua ni nani anayempiga na kwa nini mama ananyamaza. Leo yuko kwa shangazi yake.

Nyumbani pakishindikana kabisa kuna ndugu wengine, na ndugu wakikosekana kuna familia za kuaminika zinazopatikana kupitia ofisi ya ustawi. Makao ni hatua ya mwisho. Ndivyo ilivyo kwenye miongozo ya malezi mbadala ya Umoja wa Mataifa ya 2009, mwaka uleule tulipopata Sheria ya Mtoto. Kule Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye vituo. Nusu yao walipangwa kwa kura wahamie kwenye familia za malezi. Waliohamia walikua vizuri zaidi, kiakili na kihisia, kuliko waliobaki.

Tatizo ni kwamba nauli ya kivuko na ziara ya sita ya ufuatiliaji hazina picha nzuri. Jengo lina utepe wa kukata na ubao wa jina. Ndiyo maana kila shirika jipya linaanza na matofali.

"Kiwanja changu, kituo changu." Siyo. Makao ya watoto yanahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na cheti cha usajili wa shirika lisilo la kiserikali, chini ya sheria ya 2002, hakisimami badala yake. Ni karatasi mbili tofauti. Nimechoka kuonyeshwa moja.

"Hela zote ni za wazungu." Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025 nilipigiwa simu za pole. Waliokuwa wakipokea waliumia kweli. Sisi mashirika madogo hatukuwahi kuziona hela hizo. Tunaendeshwa na sadaka za Ijumaa na Jumapili, kikundi cha WhatsApp chenye kelele nyingi, na mchele wa muuzaji mmoja wa Soko Kuu ambaye hataki kutajwa.

"Wakamatwe, mji usafishwe." Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Lakini hata bila mahakama: wakisombwa Jumatatu, Ijumaa wamesharudi, na sasa wakituona na sisi wanakimbia. Miezi ya drafti imekwenda na maji.

"Nikimpa mia tano nimemsaidia." Inaishia kwa mkubwa wa kambi, au kwenye gundi. Muulize jina. Kesho ukipita mwite kwa jina hilo, siyo "wewe chokoraa". Ukimwona mgeni, mdogo, begi la shule bado liko mgongoni, piga 116, haitozwi. Siku za kwanza ndizo rahisi kuliko zote, kabla hajapata marafiki.

Magodoro yale mama alikubali tuyagawe. Mawili yamekwenda Sengerema kwa bibi anayelea wajukuu watatu, mengine yapo stoo yakisubiri ziara zijazo. Jana amenipigia tena. Anauliza kama akijenga vyumba vya kupangisha pale Kisesa, kodi yake itatosha nauli zetu za Ukerewe. Nimemwambia itatosha, na chenji itabaki.