Shule ya tiba ya chuo kikuu ni nini hasa?

Si kila mahali panapotoa madaktari ni shule ya tiba ya chuo kikuu. Jina hilo lina maana yake. Ni taasisi inayofanya kazi tatu kwa pamoja, yaani kufundisha wanafunzi, kutibu wagonjwa na kutafiti magonjwa, na wanaozifanya ni watu walewale. Profesa aliyesimama mbele ya darasa asubuhi ndiye huyohuyo atakayepita wodini, na jioni utamkuta maabara akihangaika na ugonjwa aliouona kitandani. Ondoa utafiti, unabaki na chuo cha kutoa madaktari. Ondoa wagonjwa, unabaki na vitabu tu.

Mpangilio huu tumeuzoea mpaka tunadhani umekuwepo siku zote. Marekani ya karne ya 19, kwa mfano, shule nyingi za tiba zilikuwa biashara za madaktari waliozianzisha. Mwanafunzi alilipia mihadhara, akaisikiliza msimu mmoja, msimu wa pili mara nyingi akaisikiliza ileile, kisha akapewa shahada. Aliweza kuhitimu bila kumpima mgonjwa hata mmoja. Ujerumani walikwishatangulia kuiweka maabara ndani ya chuo kikuu, na vijana wa Kimarekani waliokwenda kusoma huko walirudi na hamu ya kuona kitu kama hicho kwao.

Iliyowaonyesha njia ni shule ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Mfanyabiashara mwenye jina hilo alifariki mwaka 1873 na kuacha dola milioni 7, nusu ya chuo kikuu na nusu ya hospitali. Chuo kilifunguliwa 1876, hospitali 1889. Shule ya tiba ikakwama, kwa sababu hisa za reli zilizotegemewa kuigharamia zilishuka thamani. Waliouvunja mkwamo huo ni wanawake. Mary Garrett na wenzake walichangisha fedha, naye peke yake akatoa zaidi ya dola 300,000 ili zitimie 500,000 zilizotakiwa. Lakini aliweka masharti: wanawake wapokelewe kwa vigezo vilevile vya wanaume, na kila anayeingia awe tayari na shahada ya kwanza, anajua sayansi, Kifaransa na Kijerumani. Masharti yalikuwa mazito kiasi kwamba Profesa William Osler alimwambia mwenzake, William Welch, kwamba wao wana bahati wameingia kama walimu, maana kama wanafunzi wasingepata nafasi. Shule ilifungua milango mwaka 1893 ikiwa na wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake. Kila nikisikia mtu akidai kwamba kufungua milango kwa waliobaguliwa kunashusha ubora, namkumbuka Mary Garrett, aliyedai vyote viwili kwa mkupuo mmoja na akavipata.

Osler ndiye aliyelifanya darasa lihamie wodini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikabidhiwa vitanda vyake. Mgonjwa akilazwa, mwanafunzi ndiye aliyekaa naye na kumuuliza maumivu yalianza lini, akamsikiliza kifua, akapima mkojo na damu kwa mikono yake, akaandika yote. Raundi ilipofika kitandani pale, alisimama mbele ya profesa na kueleza, na kama alibahatisha ilijulikana papo hapo. Osler alisema hataki kukumbukwa kwa jambo jingine ila kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini. Kwa upande wa upasuaji, William Halsted alijenga mfumo wa kusomea ubingwa: daktari kijana anaishi hospitalini kwa miaka, akiongezewa jukumu kidogo kidogo.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kukagua shule 155 za Marekani na Kanada. Kipimo chake kilikuwa Hopkins. Shule dhaifu zikafungwa, na hilo liliwaokoa wagonjwa wengi na madaktari wasioiva. Ila kati ya shule saba za Wamarekani weusi zilibaki mbili tu, Howard na Meharry, na nyingi za shule zilizosalia hazikuwapokea weusi. Hopkins yenyewe ilikuwa hivyo. Mwaka 1944, Alfred Blalock alipofanya pale upasuaji wa kwanza wa watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo inayowafanya wawe na rangi ya bluu, nyuma yake alisimama Vivien Thomas akimwelekeza. Thomas, fundi wa maabara, mtu mweusi, ndiye aliyeufanyia majaribio upasuaji huo kwa mbwa. Asingeweza kujiunga na shule ile kama mwanafunzi. Weusi wa kwanza kuhitimu udaktari Hopkins walipatikana 1967, wawili, na mmoja wao alikuwa Mkenya, James Nabwangu.

Na kule kuweka kazi zote tatu mikononi mwa watu walewale kuna hatari yake, kwa sababu anayekutibu ana macho mawili: moja linakuona wewe, jingine linaona utafiti. Mwaka 1951 Henrietta Lacks alitibiwa Hopkins saratani ya mlango wa kizazi. Kipande cha uvimbe wake kilipelekwa maabara bila yeye kuulizwa, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Seli zake zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana maabara bila kukoma, na zilitumika kuipima chanjo ya polio. Yeye alifariki Oktoba mwaka huohuo. Familia yake ilikuja kujua habari za seli hizo miaka zaidi ya 20 baadaye, watafiti walipoanza kuwatafuta ili wawatoe damu na wao.