Je, wajua kwa nini Malindi–Lamu, pwani ya Kenya, ni kilomita 140 angani na 220 barabarani?

Ukiuliza kwa nini njia ya basi ni ndefu hivyo, wengi watakujibu kwamba Lamu ni kisiwa, lazima bahari izungukwe. Jibu hilo halisimami. Basi haliendi kisiwani, linaishia gati la Mokowe, na maji kutoka hapo hadi mjini Lamu ni kilomita sita au saba tu: nusu saa kwa boti ya kawaida, dakika kumi na kitu kwa ya kasi. Tena aliyepanda ndege naye havuki bure. Uwanja uko Manda, kisiwa kingine, na akishuka anateremka gatini kupanda boti kama mwenzake. Bahari inawadai wote wawili, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayowatofautisha.

Kinachopindisha barabara ni mto Tana.

Fikiria kamba ya makumbi. Ilipobana msokoto, mkono mmoja unatosha kuishika. Ncha yake ikifumuka, nyuzi hutawanyika na kiganja hakizikusanyi tena. Tana ni hivyo hivyo. Ukishuka kupita Garsen, mto unafumuka kuwa delta: mikono ya maji, vinamasi, mikoko na udongo laini hadi Kipini. Barabara ya pwani ingehitaji madaraja mengi juu ya tope, kwa hiyo waliojenga walipanda bara hadi karibu na Garsen, mto ungali umeshikana, wakauvuka mahali paitwapo Idsowe. Hata hapo barabara imepandishwa juu ya tuta, kwa sababu ya mafuriko.

Sasa tazama ramani, maana hapa pana jambo zuri sana. Garsen iko karibu kaskazini halisi mwa Malindi, zote kwenye longitudo ya digrii 40.1 mashariki. Papo hapo iko karibu magharibi halisi mwa Lamu, zote kwenye latitudo ya digrii 2.27 kusini. Ni pembe mraba kamili! Basi linafuata pande mbili za shamba, ndege inakata mshazari juu ya Ghuba ya Ungwana. Upande wa kwanza una kama kilomita 105, wa pili 87, jumla 192. Kona peke yake imeongeza kilomita hamsini na ushei. Zilizobaki ni mikunjo: kutoka Gamba, ng'ambo ya mto, barabara inainama kusini hadi Witu, inapanda tena hadi Hindi, ndipo iteremke Mokowe. Hesabu itapungua au kuzidi kidogo, kutegemea unapoanzia kupima.

Kwa muda, ndege ndogo ya moja kwa moja huruka kama nusu saa. Basi huchukua saa nne hadi tano, kwa kuwa kuna vizuizi vya polisi ambapo abiria hukaguliwa. Kitambulisho kiwe mkononi, si ndani ya begi lililofungwa juu.

Na usiitabiri njia kwa kutazama mawingu ya Lamu. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo barabara yaweza kukatika huku pwani jua linawaka. Mwaka 2023 yalipofurika, barabara ilikatika mahali paitwapo Lango la Simba, karibu na Gamba.