Eti nyumba yenyewe fupi tu

Mafundi wenzangu wa kupaua, hasa mnaohangaika huku Dodoma, Nzuguni, Iyumbu na Nala, ambako kila wiki kenchi mpya (zile fremu za mbao zinazobeba paa) zinasimama, kuna maneno tunaambizana saiti yanatumaliza.

Baya kuliko yote ni hilo la nyumba fupi haiui. Ukidondoka mita 3 tu, yaani usawa wa fasha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, ya nyumba ya kawaida, unafika chini kabla sekunde haijaisha ukiwa na spidi ya kama kilomita 27 kwa saa, na chini hakuna godoro, kuna tofali na vipande vya mbao vina misumari. Saidia fundi wangu alishuka hivyo mwaka jana, nyumba ya vyumba vitatu, alikanyaga bati katikati ya papi na papi, zile mbao za juu ya kenchi tunazopigilia bati, bati likabonyea, mguu ukateleza, akaangukia mgongo. Na hapo majirani wakaja mbio wamkalishe wampe maji, nikapiga kelele wasimguse!! Wengi wanaamini mtu akianguka anainuliwa haraka apakiwe bajaji, wakati uti wa mgongo kama umepasuka, kule kumkunja ndo kunampooza. Aachwe alivyolala, kichwa kishikwe kisicheze, na kama hakuna gari la wagonjwa abebwe kwenye ubao mpana, watu wengi, mnainua kwa pamoja.

Nyingine eti utelezi ni wa masika. Dodoma? Pitisha kiganja kwenye bati la rangi lililolala siku mbili huku kwetu, kinatoka chekundu, lile vumbi chini ya soli ni kama umekanyaga unga. Futa na tambara kwanza, halafu mguu uwe juu ya mstari wa misumari maana chini yake ndo kuna papi. Na upepo wetu huu wa mwezi wa saba na wa nane, bati la mita 3 mkononi ni tanga la jahazi, ukiona vumbi linanyanyuka barabarani shukeni, bosi atanuna lakini atasubiri.

Kamba ya kiunoni nayo haitoshi hata kidogo. Ikikudaka hewani mshtuko wote unaingia tumboni na mgongoni. Unatakiwa mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani, ufungwe kwenye kenchi, siyo papi, na kamba iwe fupi, maana ya mita 4 kwenye nyumba ya mita 3 inakufikisha chini vile vile.

Ngazi wala siyo hadithi ndefu, kila mita 4 kwenda juu mguu wake utoke ukutani mita 1, kichwa chake kipite ukingo wa paa kama mita 1, ifungwe.

Na wanaosema vifaa ni juu ya fundi mwenyewe, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wako, kwa hiyo wekeni mkanda kwenye makadirio kama mnavyoweka misumari. Mimi wangu naufunga kabla bati la kwanza halijapanda, na kijana asiyetaka kuuvaa anabaki chini anakata papi.