Viwanda vya Magari Wakati wa Dhiki: Yanayosemwa Gereji na Yaliyotokea

Katika gereji za hapa Dodoma mazungumzo kuhusu magari hayakauki, na kwa kuwa mengi yanayoletwa kutengenezwa yalitumika kwanza Japani, kila fundi ana maelezo yake kuhusu namna viwanda vya kule vilivyovuka nyakati ngumu. Baadhi ya maelezo hayo yana makosa, na vijana wanaojifunza ufundi huyapokea kama yalivyo.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba Toyota iliokolewa na bahati ya vita. Ni kweli kwamba vita vya Korea vilianza Juni 1950 na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa wingi, lakini anayeanzia hapo huruka yote yaliyotangulia. Sera ya kubana matumizi ya mwaka 1949 iliikausha fedha Japani, magari yakakosa wanunuzi na kampuni ikakaribia kufilisika. Mabenki, yakiratibiwa na tawi la Benki Kuu ya Japani mjini Nagoya, yalitoa mkopo wenye masharti. Mauzo yakatengwa na uzalishaji kwa kuundwa kampuni nyingine Aprili 1950. Baada ya mgomo mkali wafanyakazi zaidi ya 1,500 wakaondoka, na mwanzilishi, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Oda za malori ziliikuta kampuni iliyokwisha kulipa gharama hiyo, na kuisimulia vita peke yake ni kuwafuta watu waliopoteza kazi.

Wengine huamini kwamba ubunifu huhitaji mashine mpya na fedha nyingi, vitu ambavyo kiwanda chenye dhiki hakina. Lakini chombo mashuhuri cha mfumo wa uzalishaji wa Toyota, uliojengwa na mhandisi wake Taiichi Ohno, ni kadi tu, iitwayo kanban: sanduku la vipuri likitumika, kadi yake hurudi nyuma kuomba lingine, hivyo kila sehemu hutengeneza kile tu ambacho sehemu inayofuata imechukua. Wazo lilitokana na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri wateja walivyochukua. Mwenye duka pale Soko la Majengo analijua vizuri: bidhaa iliyolala ni mtaji uliolala.

Hata hivyo, si kweli kwamba mfumo huo unakataza akiba. Baada ya tetemeko la Machi 2011 kukata ugavi, Toyota iliwataka wauzaji wake wa chipu, vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha mifumo ya gari, watunze akiba ya miezi kadhaa, na ndiyo maana uhaba wa chipu wa mwaka 2021 ulichelewa kuikumba kuliko washindani wengi, ingawa mwishoni nayo ilipunguza uzalishaji.

Kuhusu Ford, husemwa kwamba msukosuko wa fedha wa 2008 haukuigusa, kwa kuwa haikuokolewa na serikali kama General Motors na Chrysler. Iliguswa sana, ila mwishoni mwa 2006 ilikuwa imekopa zaidi ya dola bilioni 23 kwa kuweka rehani mali zake, hata nembo yake.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile ya anayegonga bodi ya gari jipya kwa vidole na kusema ni bati tupu, kiwanda kimebana gharama. Sehemu ya mbele na ya nyuma hutengenezwa ili zikunjike kwenye ajali na kumeza nguvu ya mgongano kabla haijawafikia abiria, ambao hukaa ndani ya kizimba cha chuma kigumu zaidi. Mercedes-Benz iliuza magari ya namna hiyo tangu 1959, kabla ya dhiki ya mafuta ya 1973 kuufanya wepesi wa gari, unaopunguza ulaji wa mafuta, kuwa sababu kubwa ya mnunuzi kuchagua. Chuma cha kizimba hicho hupata ugumu wake kiwandani, na kikichomwa kwa gesi ili kinyooshwe hulegea. Gari lililonyooshwa hivyo, likapigwa puti na rangi, hurudi barabara ya Singida likionekana zima, huku nguzo zinazomlinda abiria zikiwa zimepoteza nguvu yake.